Mfereji Uliopita Shambani kwa Baba Mkwe

Juzi msichana mmoja wa kikundi cha mazingira hapa Mundika alikuja kunitembelea. Tukanywa chai, tukaongea vizuri, halafu akaniharibia siku. Nilikuwa nimemwambia mtaro wa barabara yao umejaa mchanga, wauzibue kabla mvua haijaanza. Akaweka kikombe chini, akaniangalia kwa huruma. Mimi, mwanamke niliyechimba mitaro ya nusu ya wilaya hii!

"Kukhu," akasema, maana ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu, "hii mambo ya climate change ni ya dunia nzima. Ni viwanda za wazungu. Sasa sisi na jembe tutado nini?"

Nilikasirika. Sikumjibu siku ile kwa sababu ni mtoto wa watu na alikuwa ameniletea sukari. Lakini hasira haijaisha, kwa hiyo naandika. Someni nyote mnaojiita vijana, na yeye awe wa kwanza.

Mimi nilikuwa nyapara wa barabara. Zile barabara ndogo za changarawe zinazotoka kwenye lami kwenda mitoni, masokoni na mashuleni ndizo zilizonilisha miaka yote ya tisini. Nyapara ndiye anayesimamia kikosi cha wachimbaji. Wanawake wa kuchimba walikuwa wengi, ila wa kutoa amri nilikuwa peke yangu. Wanaume walioniita "boss" kwa dharau siku ya kwanza waliendelea kuniita hivyo kwa mazoea, na mimi niliitika tu.

Watu wakisikia barabara wanafikiria magari. Nyapara anafikiria maji. Barabara unaipa mgongo katikati ili maji yateremke pande zote mbili. Yakiteremka yanaingia mtaroni, ule unaokwenda sambamba na barabara. Lakini mtaro ukiubebesha maji mbali sana yanapata nguvu, yanaanza kula udongo, mwisho yanakula barabara yenyewe. Kwa hiyo kila baada ya kipande kifupi unachimba mfereji wa pembeni, unayatoa maji mtaroni na kuyaachia kwenye nyasi za shamba la mtu, kidogo kidogo, yazame ardhini. Mwenye shamba hapendi. Asubuhi unachimba, jioni anafukia. Vita hivyo nimevipigana maisha yangu yote ya kazi.

Aliyenifundisha ni mzee Ekisa, Mteso wa upande wa Malaba, nyapara kabla yangu. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa na mapenzi makubwa zaidi kwa viatu vyake. Mvua ikianza, wengine tulikimbilia chini ya mabati. Yeye alivua shati, akalikunja ndani ya karai, akalifunika kwa karai lingine, akatoka kutembea barabarani akilowa.

"Kujeni!" alituita. "Mnaogopa nini, nyinyi ni chumvi? Jua haiwezi kukuonyesha barabara. Kuja uone vile maji inafanya."

Ndivyo nilivyojifunza kazi, nikiwa nimelowa. Nilijifunza kuangalia rangi. Maji yakiwa meupe mtaroni, yanapita tu. Yakigeuka mekundu, yameanza kula mahali fulani juu yako, na unapanda kuyafuata mpaka upajue. Nilijifunza kwamba mfereji wa pembeni ukiufanya mteremko mkali, umechimba korongo, si mfereji. Unaulaza kwa upole, unapanga mawe kukatiza njia ya maji ili yapumzike, na mdomoni pale yanapotokea unapanda nyasi. Fimbo mbili, kamba na chupa ya maji ya kupimia vilitosha. Siku hizi mnapima kwa simu, na bado nyumba zinaelea.

Ekisa naye alikosea, tena nyumbani kwao. Tulikuwa tunapanga mawe chini ya daraja dogo kule juu ya Malaba. Jua lilikuwa kali, mbingu safi, mto umepungua mpaka unavuka bila kukunja sketi. Mzee akavua viatu vyake, vipya, akaviweka juu ya jiwe katikati ya mto ili visishike tope. Mama mmoja mfanyabiashara kutoka Uganda alikuwa akivuka na ndizi kichwani. Alisimama ghafla, akageuza kichwa upande wa mlima Elgon.

"Banange!" akapiga kelele. "Tokeni hapo nyinyi! Mto inakuja!"

Tulicheka. Mto unakuja kutoka wapi na jua lote hili? Halafu tukasikia harufu ya udongo mbichi, na baada ya harufu tukasikia mngurumo. Tulipanda ukingo kwa magoti na viwiko. Maji yalifika rangi ya chai ya maziwa, yamebeba migomba mizima na mlango wa nyumba ya mtu. Huko mlimani kulikuwa kumenyesha sisi tukiota jua. Viatu vya Ekisa vilihamia Uganda bila kugongwa muhuri mpakani, na mzee alirudi nyumbani pekupeku akitukana mlima wote mpaka kileleni.

Tangu siku hiyo aliuliza swali moja kila tulipofika kazi mpya: "Hii maji imetoka kwa nani?" Hakuuliza yanakwenda wapi. Alitaka kujua nani yuko juu yetu, amekata nini, amelima vipi. Na mimi nikaongeza la kwangu: nani yuko chini yetu.

Sasa niwaambie juu ya mvua yenyewe, kwa sababu mnaongea kana kwamba tulikuwa hatuoni. Nilipoanza kazi, mvua ilikuwa na adabu. Ilitoka upande wa ziwa alasiri, ikanyesha, ikaisha, kesho ikarudi. Ardhi ilikunywa taratibu. Bondeni, pale kijito kinapokwenda kuingia mto Sio, kulikuwa na kinamasi cha mafunjo, na maji yalilala humo siku nyingi kabla ya kuendelea na safari. Kisha ikaanza kuchelewa. Watu wakapanda mahindi mara mbili kwa sababu ya kwanza yalikauka. Halafu ikija inakuja yote kwa pupa, alasiri moja inamwaga ya wiki nzima. Wakati huohuo sisi tulikuwa tumekata miti ya kuchomea matofali, na kinamasi tumekikausha tukapanda sukuma wiki na nduma. Mbingu ilibadilika, na sisi tukaondoa kila kitu kilichokuwa kikiyashika maji. Wenye viwanda wana kesi yao na siwasamehe hata kidogo. Lakini yale mafunjo hayakukatwa na kiwanda.

Ekisa alipostaafu, nilipewa kikosi chake na barabara ya kwanza ikawa ya kwetu, ile inayoteremka kutoka Mundika hadi kijitoni. Nasema ya kwetu kwa sababu nilikuwa nimeolewa hapo. Mimi ni msichana wa Marachi, kwetu ni karibu na soko la Khunyangu. Chini kabisa ya mteremko tulijenga kalvati, bomba la kupitisha maji chini ya barabara, na hatua chache kutoka kalvati ndipo ilipokuwa nyumba ya Auma, mchimbaji wangu hodari kuliko wote, Mjaluo wa kutoka ziwani, mjane mwenye watoto wadogo. Kipande hicho cha ardhi ndicho pekee alichoachiwa. Kila nilipoutazama mteremko ule niliona jambo moja: maji yote ya kilima yakifika chini kwa pamoja, yatapita juu ya kalvati na kuingia kwa Auma.

Dawa ilikuwa mfereji wa pembeni katikati ya mteremko, kuyatoa maji nusu yake kabla hayajapata nguvu. Na mahali pekee palipofaa ilikuwa shamba la mzee Ojiambo, baba mkwe wangu.

Mzee alikataa, tena kwa haki. Zamani kikosi fulani kilikuwa kimechimba hapohapo, moja kwa moja, bila jiwe wala nyasi. Maji yakafungua korongo, korongo likala migomba yake. Alilifukia kwa mkono wake mwenyewe, misimu kadhaa. Kwa hiyo aliposikia tunarudi, alibeba kigoda chake cha miguu mitatu, akakiweka pale tulipokuwa tumefunga kamba, akakaa.

Hapa inabidi niwaeleze, maana nyinyi siku hizi mnasalimiana na wakwe kwa kukumbatiana. Kwetu mke wa mtoto hamgusi baba mkwe. Hamkaribii, hakalii kiti chake, hamtazami usoni wakiongea. Mzee alijua vizuri sana kwamba siwezi kumwinua wala kusogeza kigoda. Na wanaume wa kikosi, nusu walikuwa watoto wa ndugu zake. Nikawaambia wamwombe atoke.

"Boss, huyo ni mzee wetu," wakasema. "Wewe ndio unajua vile mtaongea huko kwenu."

Nilimtuma mume wangu. Alikwenda, akarudi, akaketi kwenye cherehani yake. "Mimi nyinyi wawili siwawezi," akasema, akaendelea kushona. Wiki ikaisha hivyo. Asubuhi tukifika, kigoda kiko pale na mzee yuko juu yake, ametulia, anavuta kiko. Auma naye alikuwa ameanza kupanga mawe mlangoni kwake jioni baada ya kazi. Kuona yale mawe kuliniuma kuliko kelele yoyote.

Basi nikafikiri. Kama mwiko unanizuia mimi kumkaribia, unamzuia yeye pia kunikaribia. Kesho yake alfajiri nilitangulia. Nilitandika gunia kwenye mstari wa mfereji, nikakaa chini, nikanyoosha miguu yote miwili kama mwanamke aliye jikoni kwake, nikaanza kumenya njugu. Mzee akaja na kigoda chake. Aliponiona miguu imenyooka, aligeuza uso haraka, nusura aanguke.

"Nani huyo amekaa hapo?" akauliza akitazama barabarani.

"Ni mimi, Baba."

"Toka."

"Miguu inauma, Baba. Wacha nipumzike kidogo."

Alizunguka aje upande wa pili. Nikasikia nyayo, nikasogeza gunia. Akazunguka tena, nikasogeza tena. Nyuma yangu Auma na wengine walikuwa wameanza kuchimba, wamekufa kwa kicheko, majembe yakitetemeka mikononi.

"Wewe mama, leo utafukuzwa!" Auma akaninong'oneza. "Rudi nyuma!"

"Chimba," nikamwambia.

Mwishowe mzee alikaa mbali, karibu na nyumba yake, mgongo kwangu. Lakini hakuwa mtu wa kunyamaza. Kulikuwa na kuku anaparua pale miguuni pake, akaanza kuongea naye kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Wewe kuku, hebu uliza huyo mtoto wa Khunyangu. Migomba yangu ilikulwa na nani? Si ni hawa watu wa barabara?"

Mimi nikageukia mgomba uliokuwa karibu. "Wewe mgomba, mwambie mwenye shamba hawa wa sasa wataweka mawe. Na nyasi. Na mteremko utakuwa mdogo, hata mtoto anaweza kushindana na hayo maji akitambaa."

"Kuku, mwambie maji haiogopi maneno ya mtu."

"Mgomba, mwambie kwamba Auma ako na watoto pale chini. Hii maji isipotoka hapa, italala kwake."

Kuku akasukumwa kando kwa mguu. Kisha mzee akauliza, taratibu sasa, "Na ukiharibu?"

Nilisahau mgomba, nikamjibu mwenyewe. "Nikiharibu shamba lako, Baba, nitarudi kwetu na miguu yangu, usinitafute."

Wanaume wa kikosi waliacha kucheka. Kila mtu pale alielewa nimeweka ndoa yangu mezani kwa sababu ya mfereji. Mzee aliinuka, akaingia ndani na kigoda chake, akafunga mlango. Tulimaliza kuchimba na kupanga mawe, na nyasi za mdomoni nilizipanda mwenyewe kwa sababu sikumwamini mtu.

Mvua za kawaida zilikuja, mfereji ukafanya kazi. Maji yaliingia mekundu yakatoka meupe, yakiacha udongo mzuri nyuma ya mawe. Migomba ya upande huo ikanenepa. Mzee hakunisifu, nami sikuuliza.

Halafu ikaja ile mvua ya mwisho wa mwaka tisini na saba kuendelea mwaka uliofuata, ambayo kila mtu aliiita Elnino. Wakati ambao tulipaswa kuwa tunaanika maharagwe, mbingu ilikataa kufunga. Barabara zikakatika, mito ikatoka vitandani mwao, na pale Malaba malori yalisimama mstari mrefu madereva wakipika ugali chini ya turubai. Kazi zilisimamishwa. Mimi sikusimama. Nilishinda kwenye mteremko wetu na koleo langu, nikizibua mitaro.

Alasiri moja ikamwagika kuliko zote. Nilikuwa chini kwa Auma tukihamisha watoto kwenda shuleni juu, nikaona maji ya mtaroni yanaongezeka badala ya kupungua. Mfereji wa katikati ulikuwa umeziba. Nikapanda mbio, nikianguka na kuinuka.

Kulikuwa na mtu ndani ya mfereji, maji yamempita magoti. Nikadhani ni mwizi wa mawe. Alikuwa mzee Ojiambo, na jembe, akivuta mabua ya mahindi na matawi yaliyokuwa yameziba mdomo wa mfereji. Alikuwa akitukana kila bua kwa jina lake. Nilisimama nikamtazama, na sioni haya kusema kwamba nililia, ingawa mvua ilinifichia.

Nikaingia. Alinisikia, akanigeuzia mgongo, nami nikamgeuzia wangu. Tukafanya kazi hivyo, yeye akivuta upande wa shamba, mimi upande wa barabara, hatutazamani.

"Kuku hayuko leo," akasema mgongoni kwangu, "kwa hivyo nakuambia mwenyewe. Toa hiyo tawi kubwa."

Nikalivuta lile tawi. Maji yakafunguka kwa nguvu, na ukingo aliokuwa amesimama ukabomoka. Nilisikia jembe likianguka. Nilipogeuka, mzee alikuwa amelala majini hadi kifuani, anakwenda, na mkono wake mmoja uko juu. Sikufikiria kitu chochote. Niliushika kwa mikono yangu miwili, nikaegemea nyuma, nikamvuta mpaka tukaangukia nyasini pamoja, yeye akikohoa, mimi nimeshika koti lake na siachii. Watu walikuwa wamefika barabarani. Wote waliona.

Jioni ile Auma alipoteza jiko lake la nje na kuku wote. Nyumba ilibaki. Maji yalifika kizingiti yakaishia hapo. Kalvati ilipasuka pembeni lakini ilikaa. Sitawadanganya kwamba tuliishinda mvua, maana wengi kando ya mto Sio waliamka bila chochote. Nasema tu kwamba maji nusu yake yalikwenda mahali tulipoyapeleka, na Auma alilala kwake.

Mvua ilipopungua, wazee wa ukoo walikuja. Walikaa, wakanywa chai, wakasema wamesikia mke wa mtoto amemshika baba mkwe mchana kweupe, mbele ya watu, na akamlalia nyasini. Jambo kama hilo haliachwi hivihivi. Lazima kondoo achinjwe, mwiko usafishwe, na mwanamke aombe msamaha. Mimi nilikuwa jikoni, nasikiliza ukutani, nimekunja ngumi. Nilikuwa nimeshaamua siombi.

Mzee Ojiambo aliwasikiliza mpaka wakamaliza.

"Msamaha ni kweli lazima uombwe," akasema. "Lakini huyu msichana alikuja wa pili. Mvua ndiyo ilinishika wa kwanza, tena bila heshima, mpaka kifuani. Ikuje hapa, ikae kwa hiyo kiti, iombe msamaha. Halafu mtaniona nikichinja."

  Wazee walimaliza chai yao wakaenda, na yule kondoo waliyetaka achinjwe aliishi pale nyumbani, akazeeka, akafa meno yameisha.